Fimbo ya Nyundo: Unachosikia Mkononi na Unachokiona Shimoni

Mazungumzo ya maofisa wetu mbele ya wachezaji gofu wa ridhaa, wazazi wa wachezaji chipukizi na makedi



Wengi wenu mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya mizani za madukani, vipodozi, nyaya za umeme na mafuta ya kupikia. Tulipokuwa tukiingia hapa, mzee mmoja alituuliza kwa utani iwapo ofisi ya kumlinda mlaji imekosa kazi hata ianze kuzungumzia mchezo wa watu wenye nafasi. Jibu letu ni kwamba aliyetuleta kwenye jambo hili hakuwa mtu mwenye nafasi. Alikuwa kedi.

Kijana huyo alibeba mikoba ya wengine kwa miaka kadhaa, akajifunza mchezo kwa kutazama, akaanza kushindana mwenyewe katika siku ambazo makedi huruhusiwa kucheza. Alijiwekea akiba, akanunua fimbo ya kusukumia mpira shimoni, yenye kichwa kipana na chapa kubwa ya Marekani, kwa shilingi laki tatu na nusu. Muuzaji alimpa mpira, akamwonesha zulia la kijani sakafuni, akamwambia, “Sikia mguso wake.” Kijana akapiga, akausikia, akaupenda, akalipa. Baada ya wiki sita kile kipande cha plastiki kilichopachikwa kwenye uso wa fimbo kilianza kunyanyuka upande mmoja, na ndani ya kichwa kitu kikawa kinachezacheza kama mbegu ndani ya kibuyu. Aliporudi dukani aliambiwa kwamba mguso ni jambo la mkono wa mtu, na huenda mkono wake ndio uliobadilika.

Malalamiko yale yalitutia katika tafakuri, maana yalikuwa matatu ndani ya moja. Kijana alisema fimbo haina tena mguso aliouahidiwa. Alisema pia kwamba mipira yake mifupi haiingii. Na alishuku kwamba fimbo ile si ya kampuni ambayo jina lake limeandikwa. La tatu tulijua namna ya kulipima. Haya mawili ya kwanza yalitulazimu kuwaendea walimu wa mchezo, mafundi na wachezaji wazoefu, tukajifunza upya kabla ya kumjibu. Tuliyojifunza ndiyo tunayowaletea leo. Tutataja majina ya watengenezaji inapobidi kwa ajili ya historia tu, na kutaja jina si kupendekeza bidhaa.

Tuanze na kukubaliana juu ya maneno. Fimbo za kusukumia ziko za namna mbili kubwa. Ipo yenye kichwa chembamba, mithili ya ubapa wa kisu, nasi tutaiita fimbo ya ubapa. Na ipo yenye kichwa kinene kinachorudi nyuma, mithili ya nyundo ya mbao ya seremala. Hiyo tutaiita fimbo ya nyundo, na ndiyo mada yetu.

Fimbo ya nyundo si uzushi wa juzi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Arthur Knight, mfanyakazi wa kampuni ya General Electric katika mji wa Schenectady, jimbo la New York, alibuni fimbo yenye kichwa cha alumini na mpini uliopachikwa karibu na katikati ya kichwa. Mwaka 1904 Mmarekani Walter Travis aliichukua hadi Uingereza, akashinda nayo mashindano makubwa ya wachezaji wa ridhaa wa nchi hiyo. Wenyeji hawakufurahi. Mwaka 1910 wasimamizi wa mchezo huko Uskoti wakazipiga marufuku fimbo za aina hiyo, huku Wamarekani wakiendelea kuzitumia, na mgawanyiko huo haukuisha hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ajabu ni kwamba mtu mwingine aliyebadili sana fimbo hizi, Karsten Solheim, naye alikuwa mhandisi wa kampuni ile ile. Fimbo yake ya mwaka 1959 ilikuwa na uzito uliosogezwa kwenye ncha mbili za kichwa, na ilipogonga mpira ilitoa mlio mkali kama wa kengele. Mlio huo, “ping”, ndio uliokuwa jina la kampuni yake.

Tunaikumbusha habari hiyo ya mlio kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo ulipo ufunguo wa neno mguso.

Mpira unapogongwa na fimbo ya kusukumia, unakaa kwenye uso wa fimbo kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mtikisiko wa mgongano hauna budi kusafiri kupitia kichwa, upande mpini, ufike kwenye mshiko, uingie vidoleni, ndipo ubongo upate habari. Wakati huo mpira umekwisha kuondoka. Kwa hiyo mguso hauwezi kuusaidia wala kuudhuru mpigo unaousikia. Mguso ni taarifa ya jambo lililokwisha kupita. Na sehemu kubwa ya taarifa hiyo haiji kwa njia ya mkono hata kidogo; huja kwa sikio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough nchini Uingereza walipochunguza uhusiano wa sauti ya mgongano na yale wachezaji wanayoyaita mguso, waligundua kwamba mambo hayo mawili yamefungamana sana. Anayesema fimbo ni laini aghalabu amesikia mlio wa chini. Anayesema ni ngumu amesikia mlio wa juu.

Hilo mnaweza kulithibitisha wenyewe bila gharama. Chukueni fimbo mnayoipenda, zibeni masikio kwa pamba, mpige mipira kumi. Wengi wetu tulipofanya hivyo tulishangaa jinsi fimbo mbili zilizokuwa mbali kama mbingu na ardhi zilivyogeuka kuwa ndugu. Tofauti iliyobaki baada ya pamba ni ya uzito, mizani ya kichwa na unene wa mshiko. Hiyo ndiyo sehemu ya mguso iliyo mali ya mkono.

Watengenezaji wanalifahamu jambo hili vizuri. Ndiyo maana baadhi ya vichwa huchongwa kutoka katika bonge moja la chuma, vingine hutengenezwa kwa alumini, na vingine hupachikwa kipande cha plastiki usoni ili kuutuliza mlio. Hakuna udanganyifu katika hilo. Mlaji ana haki ya kununua sauti anayoipenda, kama anavyochagua redio kwa besi yake. Ila aelewe kwamba ananunua sauti.

Na hapa kuna mtego mdogo ambao hatukuutarajia. Sauti na ulaini havitoki kwenye fimbo peke yake. Mpira nao una sehemu yake. Mipira ya bei nafuu yenye ganda gumu hulia kwa ukali, na ile yenye ganda laini la poliurethani hulia kwa upole. Muuzaji akikupa mpira mpya wa daraja la juu ujaribie fimbo yake, kisha wewe uwanjani unachezea mipira uliyookotewa vichakani, hutausikia tena mguso uliolipia. Nendeni dukani na mpira wenu mfukoni.

Sasa utendaji. Utendaji wa fimbo ya kusukumia hauko sikioni wala mkononi. Uko mahali mpira unapoishia, na zaidi ya yote, mahali unapoishia mpira uliopigwa vibaya. Mpigo safi wa katikati ya uso, fimbo karibu yoyote itaupeleka vizuri. Thamani ya nyundo huonekana siku mkono umetetemeka.

Wazee wetu wa pwani waliobeba maji kwa mzega wataelewa haraka. Mtu akikumbatia ndoo mbili kifuani anaweza kugeuka upesi. Ndoo zile zile akizitundika kwenye ncha mbili za mzega, kumgeuza ni kazi, ingawa uzito haukuongezeka hata kidogo. Nyundo imejengwa kwa siri hiyo hiyo. Uzito wake umesogezwa mbali na katikati, kwenye pembe za kichwa na nyuma kabisa, ili mpira ukigongwa karibu na ncha ya mbele au kisigino, kichwa kisipinduke kwa urahisi. Kichwa kikipinduka kidogo, uso unabaki umeelekea ulikokusudia, na mpira haupotezi kasi nyingi. Mpigo mbaya unafika karibu na shimo badala ya kuishia njiani.

Faida nyingine ni ya macho. Kichwa kipana kina nafasi ya kuchorwa mistari au duara za kumsaidia mchezaji kuelekeza uso. Mwaka 2001 kampuni ya Odyssey ilitoa fimbo yenye duara mbili nyeupe nyuma ya uso, zenye upana kama wa mpira, hivi kwamba mchezaji akiinama huona kama mipira mitatu imejipanga kwenye mstari. Wazo ni jepesi, nalo likaenea duniani. Usilidharau. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108. Ukisimama mita 3 kutoka shimoni na mpira ukaanza safari kwa kosa la digrii moja tu, utafika ukiwa umehama milimita 52 hivi kutoka katikati ya shimo, yaani ukingoni kabisa. Na mwelekeo wa mpira huamuliwa kwa sehemu kubwa sana na uso wa fimbo ulikokuwa umeelekea wakati wa mgongano, kuliko njia ambayo mkono ulipita. Fimbo inayokusaidia kuuona mstari imekusaidia mahali penye maumivu hasa.

Lakini si kila jicho linaona sawa. Tulimweka mchezaji mmoja mzoefu nyuma ya nyundo yenye mistari mitatu mirefu, akaapa kwamba ameielekeza shimoni. Tulipovuta uzi wa fundi mwashi kutoka katikati ya uso wa fimbo tukakuta ameelekea kushoto kwa upana wa kiganja. Alipopewa nyundo yenye nukta moja tu, alielekea sawasawa. Kwa hiyo mistari mingi si lazima iwe msaada, na hilo halitajulikana kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi. Uzi wa fundi mwashi ni bei ya soda.

Hadi hapa msikilizaji angeweza kudhani kwamba sisi ni mawakala wa nyundo. La. Upo upande mwingine wa shilingi, nao hautajwi dukani. Tulisema mguso ni taarifa. Fimbo ya ubapa hutoa taarifa kali: ukikosea katikati, mkono unajua papo hapo, hata kwa uchungu. Nyundo, kwa kuwa imejengwa kusamehe kosa, pia huficha kosa. Mpigo wa pembeni na mpigo wa katikati huanza kufanana mkononi na sikioni. Mchezaji anayefanya mazoezi kila siku huweza kujikuta miezi inapita bila kujua kwamba anapiga karibu na kisigino, kwa sababu fimbo yake ina adabu mno ya kumwambia. Walimu wawili tuliozungumza nao walitofautiana juu ya jambo hili. Mmoja humwanzishia mtoto kwa ubapa ili mkono ufundishwe na makosa. Mwingine asema mtoto anayeona mpira ukiingia ndiye atakayerudi kesho. Maoni yetu ni kwamba kwa anayecheza mara moja kwa wiki baada ya kazi, msamaha una thamani kuliko habari. Kwa kijana anayetaka kufika mbali, ajue anachokitoa sadaka, na mara moja moja apake unga wa chaki kwenye uso wa fimbo ili aone mpira unagonga wapi. Chaki haina adabu.

Ikiwa hivyo ndivyo, mguso mzuri ni upi? Baada ya mjadala mrefu tulikubaliana na maelezo ya kedi mmoja mkongwe, ambaye kwake jambo hili halikuwa na fumbo lolote. Alisema: piga mpira wa hatua kumi na tano ukiwa umefumba macho, kisha kabla hujafumbua useme umefika, umepita au umepungua. Ukipatia mara nyingi, fimbo hiyo inaongea lugha yako. Ukikosea mara nyingi, hata iwe tamu namna gani, ni utamu tu. Hatujapata kipimo bora kuliko hicho, nacho hakihitaji mashine.

Jaribio hilo lifanyike kwenye grini. Zulia la dukani ni la haraka na tambarare, na halina mwelekeo wa nyasi. Kasi ya grini hupimwa kwa kifaa kilichobuniwa na Mmarekani Edward Stimpson mwaka 1935, ubao wenye mfereji ambao mpira huteremkia kisha ukapimwa umebingirika futi ngapi. Grini ya taratibu inaweza kusoma futi 7 au 8. Ya mashindano makubwa hufika 12 na kuzidi. Viwanja vyetu vya ukanda wa pwani vina ukoka, nyasi ambayo huota kwa kulala upande, na mpira unaokwenda kinyume na ulalo huo hushikwa. Wazee hapa watakumbuka pia viwanja vya Afrika Mashariki ambavyo havikuwa na grini za nyasi kabisa bali mchanga uliochanganywa na mafuta, ambako mpira ulikuwa na tabia zake. Nyundo yenye uso laini sana iliyokupendeza kwenye zulia inaweza kuonekana imekufa kwenye ukoka wa taratibu baada ya mvua, nawe ukaanza kuongeza nguvu, na mkono unaoongeza nguvu hupoteza mstari.

Uzito nao unastahili neno. Vichwa vingi vya nyundo za siku hizi vina gramu kati ya 340 na 370. Kichwa kizito hutulia na kujiendesha chenyewe kama mlango mzuri kwenye bawaba. Kichwa chepesi humtii mchezaji zaidi, pamoja na mishtuko yake. Laza mpini juu ya kidole kimoja mpaka usawazike, kisha utazame uso. Ukielekea juu mbinguni, fimbo hiyo hupendekezwa kwa wanaorudisha mkono nyuma na mbele kwa mstari ulionyooka. Ncha ya kichwa ikining’inia chini, hupendekezwa kwa wanaopiga kwa mkunjo kama mlango unaofunguka. Tumesema hupendekezwa, kwa sababu tumeona wengi wakifanya vizuri kinyume chake. Nyundo ziko za aina zote mbili, hivyo asikudanganye mtu kwamba nyundo zote zimesawazishwa.

Wazazi, tafadhali msikilize hili kwa makini. Msimkatie mtoto fimbo ya mtu mzima. Fimbo za watu wazima huwa na urefu wa inchi 33 hadi 35. Ukikata mpini inchi sita, kichwa cha gramu 360 kinabaki vile vile, na mtoto anapewa nyundo halisi ya kupigilia misumari. Nunueni ya watoto, hata iliyotumika.

Mmoja wenu bila shaka anajiuliza juu ya mabingwa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Scottie Scheffler, aliyekuwa akisifiwa kwa kila mpigo isipokuwa wa kwenye grini, aliacha ubapa akachukua nyundo. Rory McIlroy alikuwa amelishauri hilo hadharani wiki chache kabla. Mwezi Machi Scheffler alishinda mashindano mawili mfululizo, na Aprili akashinda Masters. Mauzo ya nyundo yalipata msemaji ambaye hakuna tangazo lingemnunua. Lakini tuone kilichobadilika na kisichobadilika. Mtu yule alikuwa tayari anaiweka mipira karibu na shimo kuliko wenzake wote. Fimbo ilimwondolea udhaifu mmoja. Na hata wachezaji wa kulipwa wa Marekani, kwa wastani, kutoka futi 8 huingiza takriban nusu tu ya mipira yao. Tangazo lolote linalokuahidi kwamba fimbo itamaliza kukosa kwako limekuahidi jambo ambalo mabingwa hawajalipata.

Turudi kwa kijana wetu na fimbo yake.

Nyundo mpya za daraja la juu huuzwa Marekani kwa mamia ya dola, kabla ya nauli na ushuru. Kwa hiyo mtu akikuuzia mpya, ikiwa na kifuniko chake cha kichwa, kwa chini ya nusu ya bei hiyo, una wajibu wa kuuliza maswali. Zilizotumika ni jambo jingine, na zipo nzuri sana kwa bei ya haki. Mchezo huu haubadiliki upesi kama simu. Tazameni kingo za kipande cha usoni. Tikiseni kichwa karibu na sikio. Shikeni kichwa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, mjaribu kuuzungusha. Usisogee hata unywele. Linganisheni rangi na umbo la herufi na picha za mtengenezaji mwenyewe, siyo picha za muuzaji. Peleka kwenye mizani ya jikoni fimbo hiyo na nyingine halisi ya aina ile ile, mkilinganisha zenye urefu na mshiko sawa. Wauzaji wengine hupenda kuonesha sumaku: ikinasa, wasema, ni chuma halisi. Msihangaike nayo. Alumini hainaswi, na vyuma vingi visivyoshika kutu vinavyotumika kwenye fimbo bora havinaswi vilevile, wakati chuma duni hunaswa vizuri.

Kwa anayeingia mashindanoni, bandia ina hatari ya ziada. Kanuni za vifaa zinataka kichwa kiwe kirefu zaidi kutoka kisigino hadi nchani kuliko kutoka usoni hadi nyuma, na urefu huo wa kisigino hadi ncha usizidi inchi 7. Anayeiga umbo haangalii rula. Na mchezaji anayepiga kwa fimbo isiyokidhi kanuni huondolewa mashindanoni, awe alijua au hakujua.

Upande wa sheria ni mfupi lakini ushikeni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuuza bidhaa yenye alama ya uongo. Sheria hizo hazimwadhibu mtu kwa kuwa fimbo haikukupendeza. “Ina mguso mtamu” ni sifa, na sifa haina mizani. “Ni halisi ya kampuni fulani”, “kichwa ni cha chuma cha kuchongwa”, “ina gramu 360”, hayo ni maelezo, na maelezo hupimwa. Basi mwombeni muuzaji ayaandike maelezo kwenye risiti ya EFD au kwenye karatasi yenye muhuri wake. Ujumbe wa malipo wa simu huthibitisha kwamba umelipa na umemlipa nani. Hausemi umeuziwa nini. Muuzaji mkweli haoni tabu kuandika. Na mkubaliane, kabla ya fedha kutoka, kwamba mtakwenda na fimbo kwenye grini kwa saa moja na kuirudisha ikiwa haikufaa. Baadhi ya maduka ya viwanjani hukubali, hasa mkimwachia mwalimu wa uwanja dhamana.

Kijana yule alikuwa na risiti, na kwa bahati njema jina la chapa liliandikwa humo kwa kalamu. Tuliiweka fimbo yake kando ya ile halisi mbele ya muuzaji. Herufi zilitofautiana, uzito ulitofautiana, na chini ya kile kipande kilichonyanyuka palikuwa na gundi ya kawaida. Kuhusu mguso hatukusema neno. Muuzaji alirudisha fedha zote siku ile ile, na fimbo nyingine tatu za aina hiyo zikaondolewa rafuni mwake. Tulipokuwa tukitoka, kijana alitwambia jambo ambalo hatujalisahau: kwamba ile fimbo bandia, kabla haijaharibika, aliipenda kwa dhati, na kwamba hata sasa akifumba macho anaukumbuka mlio wake. Hatukuona sababu ya kumbishia. Mlio aliupenda kweli. Kilichokuwa cha uongo ni jina lililochapwa kwenye kichwa.

Alinunua nyundo iliyotumika, halisi, kwa bei ndogo kuliko ile ya kwanza. Anasema mlio wake ni wa kawaida tu.

Sasa tunaomba tutoke nje. Kwenye grini ya mazoezi tumeweka nyundo tatu, na chapa zake zimefunikwa kwa utepe mweusi ili macho yasisome bei. Pamba ipo, uzi upo, unga wa chaki upo. Kila mtu achukue mipira yake mwenyewe, apige kumi kwa kila fimbo kutoka hatua kumi na tano, macho yakiwa yamefumbwa, na mwenzake aandike alichokisia na kilichotokea. Utepe tutaubandua saa kumi na moja. Makedi watangulie, tafadhali, kwa kuwa wengine wana mikoba inayowasubiri.